Kiti Kimoja Kati ya Sitini: Miaka Ishirini ya Mary Robinson katika Seneti ya Ireland

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti,

Nimeombwa nizungumze juu ya Seneti ya nchi hii tunayoishi. Nimeona kwamba kuisoma katiba kifungu kwa kifungu hakutatufikisha mbali, kwa hiyo nitaifuata Seneti kupitia mtu mmoja aliyekaa ndani yake miaka ishirini, kuanzia 1969 hadi 1989. Wengi wenu mnamjua Mary Robinson kama Rais wa zamani wa Ireland, na ndugu zetu waliotoka Goma na Bukavu wanamkumbuka alipokuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa katika nchi za Maziwa Makuu mwaka 2013. Leo namtafuta yule wa kabla ya hapo: seneta asiye na chama, mwenye umri wa miaka 25, aliyeingia katika baraza lisiloweza kuiangusha serikali wala kuuzuia muswada kabisa, na ambaye hata hivyo alisaidia kubadilisha sheria zinazogusa chumba cha kulala, mahakama na mtaa.

Naamini kwa moyo wangu wote kwamba hoja iliyoshindwa kwa kura inaweza kuendelea kuishi, mradi imesemwa kwa usahihi, imeingia kwenye Hansadi, na aliyeileta hakuipa kisogo. Miaka ile ishirini ndiyo ushahidi wangu.

Tuanze na jengo lenyewe. Ukishuka Kildare Street, katikati ya Dublin, utaiona Leinster House, nyumba ya mawe iliyojengwa katika miaka ya 1740 kwa ajili ya kabaila mmoja, na ambamo Bunge limekuwa likikutana tangu 1922. Upande mmoja hukaa Dáil, baraza la wabunge waliochaguliwa moja kwa moja na wananchi. Upande wa pili, katika ukumbi mdogo wenye dari la mapambo ya chokaa, hukaa maseneta 60. Kati yao, 43 hupatikana kwa majopo matano: utamaduni na elimu, kilimo, kazi, viwanda na biashara, na utawala. Kumi na mmoja huteuliwa na Waziri Mkuu. Sita waliobaki huchaguliwa na watu waliohitimu vyuo vikuu, na katika enzi ninayoizungumzia walikuwa watatu wa Chuo Kikuu cha Taifa na watatu wa Trinity College.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu linatuhusu. Wale maseneta 43 wa majopo huchaguliwa na wabunge wapya, na maseneta wanaomaliza muda, na zaidi ya wote na madiwani wa nchi nzima, ambao leo ni 949 katika halmashauri 31. Na madiwani hao huchaguliwa na nani? Sheria ya Ireland humruhusu kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe raia au si raia, kupiga kura katika uchaguzi wa madiwani. Mama anayefanya kazi ya usafi usiku hospitalini, ambaye karatasi zake za uraia bado hazijatoka, ana kura ya diwani. Na diwani yule ana kura ya seneta. Nimekutana na watu wetu walioishi hapa miaka kumi bila kulijua hili, na kila nikilikumbuka nasikitika.

Nguvu za Seneti ni chache. Muswada wa kawaida uliopitishwa na Dáil inaweza kuuchelewesha kwa siku 90. Muswada wa fedha ina siku 21 tu za kutoa mapendekezo, ambayo Dáil inaweza kuyakataa. Ndiyo maana mwaka 2013 serikali iliwauliza wananchi kwa kura ya maoni kama baraza hili lifutwe kabisa, na asilimia 51.7 wakasema libaki. Ni ushindi mwembamba, na binafsi siwalaumu waliotaka lifutwe. Baraza lisiloweza kuzuia kitu linabaki na silaha moja, nayo ni neno linalosemwa hadharani na kuandikwa. Basi thamani yake hupanda na kushuka kwa thamani ya wanaosema.

Mary Bourke, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa mwaka 1944 Ballina, mji mdogo katika kaunti ya Mayo, magharibi mwa nchi, na wazazi wake wote wawili walikuwa madaktari. Familia ilikuwa ya Kikatoliki, na siku zile Mkatoliki aliyetaka kusoma Trinity alihitaji ruhusa ya askofu mkuu wa Dublin, kwa kuwa chuo hicho kilihesabiwa kuwa cha Waprotestanti. Wazazi wake waliiomba ruhusa, ikatolewa. Alisoma sheria, akaenda Harvard, akarudi na kupewa uprofesa wa sheria ya jinai akiwa na miaka 25. Mwaka huohuo wa 1969 alihoji kwa nini viti vya Trinity katika Seneti viwe daima vya maprofesa wanaume wenye umri mkubwa, akagombea kama mgombea binafsi, akashinda.

Sasa tufike mwaka 1971, na hapa nitakaa kidogo.

Sheria ya mwaka 1935, kifungu cha 17, ilipiga marufuku kuuza, kutangaza au kuingiza nchini kwa biashara dawa na vifaa vyovyote vya kuzuia mimba. Mke aliyejifungua mara saba na kuonywa na daktari kwamba ya nane itamuua hakuwa na duka la kwenda. Madaktari waliokuwa na huruma walikuwa wakiandika vidonge kwenye cheti kana kwamba ni dawa ya kurekebisha mzunguko wa hedhi, na kila mtu, kuanzia mfamasia hadi padri, alijua kilichokuwa kikiendelea. Mwenye fedha na daktari rafiki alipata njia. Maskini wa mashambani hakuipata. Kwa Robinson hili lilikuwa suala la sheria inayolazimisha watu wazima kusema uongo kuhusu maisha yao wenyewe, na alilisema hivyo, kwa lugha ya mwanasheria, bila kumtukana mtu wala kuidharau imani ya mtu.

Pamoja na maseneta wenzake wawili, Trevor West na John Horgan, aliandaa muswada wa kuirekebisha sheria ile. Askofu Mkuu John Charles McQuaid alitoa waraka uliosomwa katika makanisa ya jimbo la Dublin, akisema kwamba hatua kama hiyo itakuwa laana juu ya nchi. Mwezi Mei, wanawake wa harakati za ukombozi wa mwanamke walipanda treni kwenda Belfast, ng'ambo ya mpaka, ambako vitu hivyo viliuzwa kihalali, wakarudi navyo na kuvionyesha mbele ya maofisa wa forodha katika stesheni ya Connolly. Kwa kuwa vidonge vilihitaji cheti cha daktari hata huko Belfast, walinunua aspirini, na waliporudi wakaiinua juu kana kwamba ni vidonge vyenyewe. Na maofisa wa forodha hawakujua la kufanya. Nyumbani kwa Robinson zilianza kufika barua za chuki, nyingi, nyingine chafu mno. Mumewe alizichoma moto, na baadaye Robinson alisema angependa zingehifadhiwa.

Mwezi Julai hoja ikafika mbele ya Seneti. Kwa mujibu wa kanuni, muswada wa seneta binafsi huhitaji ridhaa ya baraza ili usomwe mara ya kwanza, na usipoipata hauchapishwi. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu wote. Maseneta wale hawakuukataa muswada baada ya kuusoma, waliukatalia karatasi. Raia wa Ireland hawakuruhusiwa hata kuona kilichopendekezwa kwa jina lao. Robinson aliomba baraza liuchapishe tu, kisha anayetaka kuupinga aupinge kwa hoja, na ombi hilo likashindwa kwa kura. Lakini mjadala wa kuomba ridhaa ulichapishwa, kwa kuwa kila neno linalosemwa pale huingia kwenye kumbukumbu rasmi. Muswada ulinyimwa karatasi, na sababu zake zikapata karatasi.

Alirudi mwaka 1973. Mwaka huohuo mama mmoja wa watoto wanne, aliyeonywa na madaktari kwamba ujauzito mwingine unaweza kumuua, alikuwa mahakamani kwa sababu forodha ilimnyang'anya dawa aliyoiagiza kwa posta kutoka Uingereza. Mwezi Desemba Mahakama ya Juu ikaamua kwamba katiba inalinda faragha ya wanandoa katika jambo hilo. Safari hii muswada wa Robinson ulichapishwa, ukajadiliwa, na mwaka 1974 ukaangushwa. Serikali nayo ilileta muswada wake, na Waziri Mkuu Liam Cosgrave akapiga kura dhidi ya muswada wa serikali yake mwenyewe! Mwaka 1979 ilipita sheria ya Charles Haughey, waziri wa afya, iliyotaka cheti cha daktari hata kwa kondomu. Mwaka 1985 ikalegezwa. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe, na jiwe hili lilichukua miaka mingi.

Robinson alikuwa pia wakili, na ni vigumu kuzitenganisha kazi hizo mbili. Alikuwa miongoni mwa mawakili wa Máirín de Burca katika kesi iliyobatilisha sheria ya mwaka 1927, ambayo iliwaweka wanawake nje ya jopo la raia wanaosikiliza kesi za jinai mpaka mwanamke mwenyewe aombe kuandikishwa. Sheria mpya ilitungwa mwaka 1976. Alisimama Strasbourg, katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kumtetea mama mmoja wa Cork aliyetaka kutengana kisheria na mumewe na hakuwa na fedha za wakili. Mwaka 1979 mahakama ile ikasema kwamba haki ya kwenda mahakamani haina maana kwa mtu asiyeweza kumlipa wa kumsemea, na msaada wa kisheria katika kesi za madai ukaanzishwa Ireland. Jambo alilonyimwa ndani ya Seneti alilipeleka kwa majaji, na uamuzi wa majaji ukarudi bungeni kudai sheria.

Na alikuwepo David Norris, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1944 wakati mji ule ukiitwa Léopoldville, mhadhiri wa Trinity aliyeingia Seneti mwaka 1987 na kukaa hadi 2024. Alishtaki nchi yake juu ya sheria ya karne ya 19 iliyofanya mahusiano ya wanaume wa jinsi moja kuwa jinai, wakili wake akiwa Robinson, na Strasbourg ikampa haki mwaka 1988. Mtu huyohuyo alitumia miaka mingi kuziokoa nyumba za kale za mtaa wake, North Great George's Street, zisibomolewe. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani kuna maseneta wa mambo makubwa na maseneta wa mitaro na mataa ya barabarani.

Kuhusu mtaa, nawaomba siku moja mshuke hadi Wood Quay, kando ya mto Liffey, zilipo ofisi za halmashauri ya jiji. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mkutano katika ukumbi wa chini ya majengo hayo, na mkutano ulipokawia kuanza nikageuka, nikaona ukuta. Ni ukuta wa mawe ya kijivu, umesimama ndani ya chumba chenye taa za umeme na viti vya plastiki, na umri wake ni takriban miaka 900. Nikauweka mkono. Ulikuwa baridi. Hicho ndicho kipande kilichosalia mahali pake katika mji wa Waviking uliofukuliwa hapo katika miaka ya 1970: nyumba kwa nyumba, njia kwa njia, kuta za fito zilizosukwa kama zetu za kijijini, vitana vya mfupa, viatu vya ngozi, mashua ndogo ya mbao ya kuchezea mtoto. Udongo wenye maji ulikuwa umevitunza.

Halmashauri ilitaka kujenga ofisi juu yake. Mahakama ilitangaza mwaka 1978 kwamba mahali pale ni kumbukumbu ya taifa, na bado ujenzi ukaendelea, kwa kuwa sheria iliruhusu halmashauri na idara ya serikali kukubaliana kuiondoa kumbukumbu hiyo. Septemba ya mwaka huo watu wapatao 20,000 waliandamana wakiongozwa na padri na profesa wa historia, F. X. Martin. Mary Robinson alikuwa miongoni mwa waliosimama kuutetea mji ule, na Juni 1979 wapiga kura wa Dublin walimchagua kuwa diwani, kazi aliyoifanya hadi 1983 huku akiwa seneta. Hakuiokoa Wood Quay. Ofisi zilijengwa, ziko pale. Lakini swali la nani mwenye mamlaka juu ya urithi wa mji, halmashauri inayomiliki kiwanja au taifa zima, lilitoka katika shimo la matope la mtaa mmoja likawa swali la nchi, na seneta aliyekuwa pia diwani alikuwa na miguu pande zote mbili.

Leo Seneti ina utaratibu unaoziba pengo hilo kati ya mtaa na taifa kila siku ya kikao. Kabla ya shughuli nyingine kuanza, maseneta kadhaa hupewa dakika chache kila mmoja kuleta jambo mahususi, na waziri hulazimika kuja kujibu: basi la wanafunzi lililoondolewa kijijini, daktari wa meno asiyepatikana katika wilaya nzima, daraja lililoanza kuliwa na mto. Enzi za Robinson mambo hayo yaliletwa mwisho wa kikao, wakati viti vingi vilikwisha kuwa vitupu. Jibu la waziri mara nyingi huwa limeandikwa na maofisa na halina ladha. Hata hivyo ni jibu, lina tarehe, na mwaka unaofuata seneta anaweza kulisoma tena mbele ya waziri huyohuyo.

Kwa wale wenu mnaofanya kazi za ujenzi niongeze mfano mmoja. Feargal Quinn, mfanyabiashara wa maduka ya vyakula aliyekuwa seneta kuanzia 1993 hadi 2016, aliona wakandarasi wadogo wakifilisika kwa kuwa mkandarasi mkubwa aliwanyima malipo yao. Alileta muswada binafsi mwaka 2010, ukapita mikono mingi, na mwaka 2013 ukawa sheria ya mikataba ya ujenzi. Fundi mwenye gari moja na vijana wanne, asiyelipwa kwa wakati, ana njia ya haraka ya kudai haki yake, na njia hiyo ilianzia kwenye kiti kimoja cha Seneti.

Nisimfanye Robinson malaika. Alijiunga na chama cha Labour mwaka 1976, akagombea ubunge wa Dáil mara mbili, 1977 na 1981, na mara zote mbili wapiga kura walimkataa. Mwaka 1983 alipinga marekebisho ya nane ya katiba, yaliyohusu utoaji mimba, akionya kwamba maneno yake hayako wazi na yataifikisha nchi pasipokusudiwa. Theluthi mbili ya waliopiga kura waliyapitisha. Mwaka 1985 alikihama chama chake kwa sababu mkataba wa Uingereza na Ireland kuhusu Ireland ya Kaskazini ulitiwa saini bila Waprotestanti wa kule, watu wa Muungano wanaotaka kubaki chini ya Uingereza, kuulizwa. Wengi waliona ni ukaidi. Mimi naona ni msimamo uleule wa mwaka 1971: usimwamulie mtu jambo lake huku umemfungia mlango.

Alitoka Seneti mwaka 1989 akidhani siasa imekwisha. Mwaka uliofuata akachaguliwa Rais, mwanamke wa kwanza. Wale mliokuwa Nairobi Oktoba 1992 huenda mnakumbuka alivyofika kutoka Somalia, akakaa mbele ya waandishi wa habari, na sauti, ile sauti ya wakili iliyokuwa haitetereki, ikamkatika alipoanza kueleza njaa aliyoiona kwa watoto. Kutoka hapo alikwenda New York kuyasema hayohayo kwa Umoja wa Mataifa.

Rais wa Ireland hatungi sheria. Anatia saini zilizotungwa na Bunge. Mwaka 1993 zilipelekwa mezani kwake sheria mbili. Moja ilifuta ile jinai ambayo Norris aliishtakia nchi. Ya pili iliondoa vikwazo vya mwisho katika uuzaji wa kondomu, miaka 22 baada ya Seneti kukataa kuchapisha muswada wake. Alizitia saini zote mbili.

Nimechapisha mjadala wa Julai 1971 kutoka kwenye kumbukumbu rasmi, nakala thelathini, ziko mezani karibu na chai. Na pembeni yake kuna fomu za kujiandikisha kupiga kura ya madiwani. Kwa maswali, tuwaanze wazee.